Bima ya maisha kwa ajili ya watoto wakati wa vita: mwongozo kwa wazazi wa Goma

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwenye kipato kidogo kinachoingia kwa utaratibu fulani, awe mwalimu, muuguzi, fundi au muuza vitenge wa Birere, ambaye amefikiwa na wakala wa asiransi, yaani bima, mwenye karatasi yenye picha ya mtoto aliyevaa joho la kuhitimu, na ambaye anajiuliza kama kuna busara ya kutia sahihi mkataba wa miaka 10 katika mji usiojua mwezi ujao utaamkaje. Busara hiyo inaweza kuwapo, lakini inategemea mambo matatu ambayo wakala huyataja mwishoni au hayataji kabisa: ni maisha ya nani yanayokatiwa bima, kiasi kimeandikwa kwa sarafu gani, na pesa itapita wapi siku benki zikifungwa. Nimefanya kazi ya uhasibu kwa muda mrefu, na familia nyingi nilizoziona zikipoteza pesa kwenye bima zilijikwaa katika mojawapo ya hayo.

Hatua ya kwanza: tambua unauziwa kitu gani

Jina «bima ya mtoto» linafunika mikataba mitatu isiyofanana. Wa kwanza ni bima juu ya maisha ya mzazi, ambayo mnufaika wake ni mtoto. Mzazi akifariki ndani ya muda uliokubaliwa, tuseme miaka 10, kampuni hulipa kiasi kilichoandikwa. Akimaliza miaka hiyo salama, hakuna kinachorudi, na ndiyo sababu malipo yake ya kila mwezi huwa madogo. Wa pili ni bima ya elimu, yaani akiba na bima vilivyofungwa pamoja: mzazi huchangia kila mwezi mpaka tarehe maalumu, kwa kawaida mtoto anapotimiza miaka 18, kisha hulipwa kiasi fulani, na akifariki kabla ya tarehe hiyo kampuni huendelea kuujaza mkataba kana kwamba yeye bado analipa. Wa tatu ni bima juu ya maisha ya mtoto mwenyewe, ambayo hulipa wazazi endapo mtoto atafariki.

Huu wa tatu ndio unaouzwa kwa huruma kubwa na kuhitajika kidogo. Historia yake inafundisha. Huko Uingereza katika karne ya 19, wafanyakazi wa viwandani walimpa mkusanyaji aliyepita mlango kwa mlango peni moja kwa wiki, biashara ambayo kampuni ya Prudential iliianza mwaka 1854, na sehemu kubwa ya mikataba hiyo ilihusu watoto wachanga, kwa kuwa watoto walikufa wengi na mazishi yaligharimu. Bunge liliingiwa na hofu kwamba kifo cha mtoto kingegeuka kuwa mapato, na sheria ya mwaka 1875 ikaweka kikomo cha pauni 6 kwa mtoto wa chini ya miaka 5 na pauni 10 kwa mtoto wa chini ya miaka 10. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: sheria yake inakataza bima ya kifo juu ya mtoto ambaye hajatimiza miaka 12. Hata bila sheria hizo, hesabu ya nyumbani inatosha. Mtoto akifariki, msiba ni mkubwa kupita maneno, lakini mshahara wa nyumba haukatiki, na jeneza, gari na chakula cha kilio kwa kawaida hubebwa na kanisa, majirani na kikundi cha kusaidiana. Mama anayelisha nyumba akifariki, ndipo minervali, yaani ada ya shule, inapokatika, kodi inapokatika, na watoto wanapogawanywa kwa mashangazi na wajomba kama vyombo.

Kwa hiyo, ukiwa na dola 10 tu za kutenga kwa mwezi, zipeleke kwenye maisha ya yule ambaye kifo chake kingefunga mlango wa shule. Mara nyingi huyo si yule anayeitwa kichwa cha familia. Katika nyumba nyingi za Majengo na Ndosho, baba ana kazi yenye jina na mama ana meza sokoni inayolipa kila kitu, na wakala huandika jina la baba kwa mazoea. Kaeni wawili, andikeni nani alilipa nini katika miezi 6 iliyopita, na karatasi hiyo iamue.

Hatua ya pili: weka akiba ya mkononi kabla ya bima yoyote

Mji ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango na miezi ikapita bila kufunguliwa. Mwenye akaunti aliweza kuona salio lake kwenye simu, lakini noti zilipatikana kwa wakala aliyekata asilimia yake, au kwa kuvuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, na kupanga foleni huko. Katika hali kama hiyo, mkataba wa bima ambao hujaumaliza hauwezi kukununulia unga. Kwanza tenga chakula na kodi ya miezi 2 au 3, sehemu nyumbani kwa noti ndogo, sehemu kwenye simu, na sehemu kwa mtu wa kuaminika nje ya mji. Kama uko kwenye likelemba, yaani mchango wa zamu, au kikundi cha akiba, usikiache ili ulipe bima: kikundi hukupa pesa wiki unayougua, wakati bima ya maisha hungoja kifo au tarehe.

Asiyeweza kufikisha akiba hiyo asikate bima ya elimu mwaka huu. Anaweza kufikiria ile ya kwanza, iliyo ya bei ndogo, akaishia hapo.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kiasi

Wakala huuliza «Unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?» na kutoka hapo hupanga kiasi cha bima. Geuza swali: watoto watahitaji kiasi gani nisipokuwapo? Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wawili, mmoja amebakiza miaka 6 ya shule na mwingine miaka 9. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini sekondari ina minervali, na sare, daftari na ada za mtihani wa serikali havina bure yake. Akikadiria dola 250 kwa kila mtoto kwa mwaka, miaka 15 kwa jumla inadai dola 3,750. Aongeze chakula na kodi ya mwaka mmoja wa kujipanga upya, dola 180 kwa mwezi, yaani dola 2,160, na mazishi dola 600. Jumla ni dola 6,510. Akitoa akiba yake ya dola 400, zinabaki dola 6,110. Basi aombe bei ya mkataba wa dola 6,000 au 6,500, si ule wa dola 20,000 unaong'aa kwenye karatasi, wala ule wa dola 1,000 ambao ungekwisha na maua ya matanga.

Bima ya elimu nayo ina hesabu yake, na hii mawakala wachache huipiga mbele ya mteja. Tuseme unaahidiwa dola 2,800 baada ya kulipa dola 20 kwa mwezi kwa miaka 10. Utakuwa umetoa dola 2,400, na pesa yako kwa wastani itakuwa imekaa kwao miaka 5, kwa hiyo faida hiyo ya dola 400 ni karibu asilimia 3 kwa mwaka. Si wizi, kwa sababu ndani yake umenunua pia ulinzi wa kifo, lakini si utajiri, na dola yenyewe hupungua nguvu mwaka hadi mwaka. Ukiona wakala anaahidi kuzidisha pesa mara mbili kwa miaka 5, mpishe njia.

Hatua ya nne: soma sarafu kabla ya kusoma kiasi

Marehemu baba alituachia kijitabu cha akiba chenye jalada la kijani kilichofifia. Ndani, kila mwezi una mstari wake: tarehe, kiasi, jumla, na muhuri wa zambarau uliogongwa kwa pembe kana kwamba karani alikuwa na haraka. Mstari wa mwisho ni wa mwaka 1988, na jumla ni zaire 18,400, zilizowekwa, kama alivyoandika mwenyewe kwa penseli juu ya jalada, «kwa masomo ya watoto». Mwezi wa kumi 1993 serikali ilileta zaire mpya, na zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Kijitabu cha baba kikawa hakifiki hata likuta moja jipya, yaani sehemu ya mia ya zaire mpya. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Kisha tarehe 30 mwezi wa sita 1998 ikaja faranga ya Kongo, iliyochukua nafasi ya zaire mpya 100,000, maana yake zaire za zamani bilioni 300 zilitoshea katika faranga 1. Hakuna aliyemwibia baba. Kila mstari ulitunzwa sawasawa mpaka mwisho, na hapo ndipo penye somo, kwa sababu kilichokufa ni sarafu, na mkataba wowote ulioandikwa kwa sarafu hiyo, uwe akiba, pensheni au bima, ulikufa nayo.

Wakongo hatuko peke yetu. Ujerumani ilipobadilisha pesa yake mwaka 1948 baada ya vita, mikataba ya bima ya maisha iliyoandikwa kwa Reichsmark 10 ilihesabiwa kuwa Deutsche Mark 1, na wazazi walioanza kulipia watoto kabla ya vita walipokea sehemu ya kumi ya waliyoahidiwa. Faranga yetu nayo ina historia yake: ilipozaliwa, dola 1 haikufika faranga 2, na mwaka 2024 dola 1 ilizidi faranga 2,700.

Kwa hiyo, katika mkataba wa miaka mingi, tafuta mahali patatu panapotaja sarafu. Kiasi cha bima kiwe kwa dola. Malipo ya kila mwezi, ambayo ofisini huitwa prime, yawe kwa dola au yahesabiwe kutokana na dola. Na kifungu cha kulipwa kiseme kwamba utapokea dola, au faranga kwa kiwango cha siku ya malipo, kisiseme kiwango cha siku ya kusaini. Niliwahi kuona karatasi iliyokuwa na dola kwenye ukurasa wa kwanza na «thamani yake kwa faranga siku ya kusaini» kwenye ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo kuliko punje za mtama. Kama watakupa noti mkononi, zikague mojamoja mbele yao: noti ya dola yenye mchaniko wa ukucha hukataliwa sokoni kwetu.

Hatua ya tano: hakikisha kampuni ina idhini

Kuanzia mwaka 1966 bima nchini ilikuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake, mpaka sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilipofungua soko. Tangu hapo kampuni na mawakala huidhinishwa na ARCA, mamlaka ya kudhibiti bima yenye makao Kinshasa. Omba nambari ya idhini ya kampuni, na uulize hasa kama idhini hiyo inahusu bima ya maisha, kwa kuwa kampuni yenye ruhusa ya magari na moto haipati kwa hilo ruhusa ya maisha. Wakala naye awe na karatasi yake. Kanisa, chama cha akiba au kampuni ya simu inayokuuzia bima huwa ni mlango tu. Jina la kampuni inayobeba dhima lazima lionekane kwenye hati.

Jirani atakushauri ukate bima upande wa Gisenyi kwa kuwa ofisi za huko zinafunguliwa kila siku. Kumbuka kwamba sheria ya Kongo inataka hatari zilizoko nchini zibebwe na kampuni zenye idhini nchini, na kwamba siku ya kudai, mjane wako atalazimika kuvuka mpaka ambao hufungwa bila kumtahadharisha mtu.

Hatua ya sita: kifungu cha vita

Hapa usikubali kusomewa. Soma mwenyewe, au mpe mtu anayejua Kifaransa cha sheria akusomee polepole. Mikataba mingi ya bima ya maisha ina orodha ya vifo ambavyo kampuni haitalipia, na vita vya nje, vita vya ndani, uasi na ghasia havikosekani humo. Sababu yake ni ya kihesabu: bima huishi kwa kutegemea kwamba watu hufariki mmoja mmoja kwa nyakati tofauti, na bomu moja huvunja hesabu hiyo kwa dakika moja. Lakini maneno ya kifungu hutofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya mkataba wako.

Kuna kifungu kinachomwondoa kwenye ulinzi yule tu anayeshiriki vitani, yaani mwenye silaha au aliyejiunga na kundi. Mwalimu anayepigwa na risasi iliyopotea akiwa jikoni kwake Katindo bado analindwa. Kuna kingine kinachoondoa kila kifo kinachotokana na vita, «moja kwa moja au kwa namna nyingine», na maneno hayo mafupi yanaweza kunyooshwa mpaka yamguse aliyefariki kwa kipindupindu kambini, au kwenye mtumbwi uliojaa wakimbizi. Cha tatu kinaondoa vita vilivyokwisha kuanza siku ya kusaini, na kwa mtu wa Kivu hicho ni sawa na kuuziwa mwavuli usiofunguka mvua ikinyesha.

Andika barua fupi kwa kampuni kabla ya kulipa, yenye maswali matatu, na udai jibu lenye sahihi na muhuri. Raia asiyeshiriki mapigano akiuawa na risasi au bomu nyumbani kwake, au njiani kwenda kazini, mtalipa? Akifariki kwa ugonjwa akiwa amekimbia makwao, mtalipa? Je, ulinzi unaendelea akihamia Bukavu, Lubumbashi, Uganda au Rwanda? Jibu la mdomo la «usijali, mama, tutalipa» halina uzito wowote mahakamani, hata kama aliyelitoa ni mkuu wa tawi na ni shemeji yako. Wakikataa kuandika, umepata jibu.

Ikiwa kila kampuni unayoweza kuifikia inaondoa kila kifo cha vita kwenye ulinzi, mkataba bado unaweza kuwa na maana, kwa sababu hata katika miaka hii malaria, uzazi na ajali za pikipiki vinaendelea kuchukua wazazi. Ila ujue unacholipia, na usilipe bei ya ulinzi kamili.

Hatua ya saba: njia ya kulipa na siku utakaposhindwa

Usimwagize mwajiri au benki kukata malipo yako bila kuwa na njia ya pili. Mshahara ukichelewa, makato hayafanyiki, na kwa kawaida kampuni hutoa muda mfupi wa kungoja, mara nyingi siku 30, kisha barua ya onyo, kisha ulinzi husimama. Barua hiyo hutumwa kwenye anwani uliyoacha miaka mitatu iliyopita, katika nyumba ambayo leo imehamiwa na watu wengine. Omba kulipa kwa simu, uandikiwe nambari rasmi ya kampuni wala si ya wakala, na utunze ujumbe wa uthibitisho wa kila mwezi. Ukipata pesa ya mkupuo, baada ya kuuza mavuno ya Masisi kwa mfano, lipa robo mwaka au nusu mwaka kwa mara moja, ili mapigano ya wiki mbili yasiuangushe mkataba. Usimpe mtu noti mkononi bila risiti yenye nambari ya mkataba. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa wakala malipo ya miezi mitatu kwa sababu alikuwa anatoka upande wetu, na kampuni haikuwahi kuziona.

Ukishindwa kabisa, usikae kimya. Katika mikataba yenye akiba kuna milango miwili, na hufunguka baada ya kulipa kwa muda fulani, mara nyingi miaka 2. Wa kwanza ni kusimamisha malipo na kuacha mkataba uendelee kwa kiasi kilichopunguzwa. Wa pili ni kuuvunja na kuchukua thamani iliyobaki. Katika miaka ya mwanzo thamani hiyo ni ndogo mno au sifuri, kwa kuwa kamisheni ya wakala na gharama za kampuni hutolewa kwanza. Aliyelipa dola 20 kwa miezi 20 akavunja anaweza kutoka mikono mitupu, dola 400 zimekwenda. Dai jedwali la thamani hizo, mwaka kwa mwaka, libandikwe kwenye mkataba siku ya kusaini.

Hatua ya nane: wanufaika na karatasi

Usiandike «familia yangu». Kama hakuna mnufaika aliyetajwa, pesa huelekea kwenye urithi, na ingawa Sheria ya Familia inawapa watoto robo tatu ya urithi, wewe na mimi tunajua kikao cha matanga kinavyoendeshwa na wajomba na baba wadogo kabla hakimu hajasikia lolote. Pesa ya bima yenye mnufaika aliyetajwa kwa kawaida humfikia yeye bila kupitia mgawanyo huo. Andika kila mtoto kwa majina yake yote matatu, kwa mpangilio uleule ulio kwenye cheti cha kuzaliwa, pamoja na tarehe, kisha uongeze «na watoto wangu watakaozaliwa, kwa sehemu sawa». Mtoto anayeitwa Amani shuleni, Amani Bahati kanisani na Bahati Amani kwenye cheti ni watoto watatu mbele ya karani asiyetaka kulipa.

Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ndiye anayekwama kuliko wote. Uandikishaji hufanyika ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo unahitaji hukumu ya mahakama ya watoto, ambayo inagharimu pesa na muda, na haipatikani kabisa mahakama zinaposimama. Lishughulikie hilo kabla ya kumwita wakala.

Kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 hawezi kupokea pesa mwenyewe, itapokelewa na mzazi aliyebaki au mlezi. Mteue mlezi kwa maandishi, na uulize kama kampuni inaweza kulipa kwa awamu, kila mwanzo wa mwaka wa shule, badala ya dola 6,000 kwa siku moja. Sina shaka na dada yako. Nina shaka na wiki ambayo watu wote wa mtaa watajua dada yako ana dola 6,000 nyumbani.

Kuhusu kutunza hati, Goma imefundishwa mara mbili na mlima. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na wengi waliokimbia walirudi wakakuta mwamba mweusi mahali pa kabati. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ulishuka tena, na siku tano baadaye amri ya kuhama ikatolewa alfajiri, watu wakashika njia ya Sake na ya Gisenyi na mashua za Bukavu wakiwa na walichoweza kubeba. Hati halisi ikae katika mfuko wa nailoni pamoja na vitambulisho, mahali ambapo mkono hufika gizani. Piga picha kila ukurasa, pamoja na risiti, uzitume kwa ndugu aliye mbali na mji. Mtoto wako mkubwa ajue kwa kichwa jina la kampuni na nambari ya mkataba, kama anavyojua nambari ya simu ya mama yake.

Hatua ya tisa: kudai

Taarifa ya kifo ipelekwe mapema iwezekanavyo, hata kwa ujumbe wa simu, kisha karatasi zifuate. Zinazohitajika kwa kawaida ni hati ya bima, risiti ya mwisho, cheti cha kifo, cheti cha daktari kinachotaja sababu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kitambulisho cha mlezi. Cheti cha daktari kichukuliwe hospitalini siku ileile, kabla ya maiti kuondolewa, na maneno yake yasomwe: «jeraha la risasi, raia, nyumbani» ni habari tofauti na «jeraha la vita». Katika mji wenye tawala mbili zinazodaiana uhalali, hati iliyogongwa muhuri wa upande mmoja inaweza kukataliwa na ofisi ya upande mwingine, kwa hiyo karatasi ya hospitali, ya parokia au msikiti, na maelezo yaliyosainiwa na mashahidi wawili ziwekwe pamoja tangu mwanzo.

Aliyetoweka bila mwili kuonekana ana njia ndefu zaidi. Kampuni itadai hukumu ya mahakama inayotangaza kifo, na mpaka ipatikane haitalipa. Wakati wa kungoja, andika kuiomba isivunje mkataba kwa sababu ya malipo yaliyokatika tangu siku ya kutoweka, utaje tarehe hiyo, na kama kipato kinaruhusu endelea kulipa, kwa kuwa ikibainika alifariki baada ya ulinzi kusimama, watoto hawatapata kitu.

Peleka nakala, usipeleke hati halisi, isipokuwa wakikuandikia kwamba wameipokea. Kila karatasi unayoacha kaunta ipigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, yenye tarehe na jina la aliyeipokea, na nakala hiyo irudi kwenye mfuko wa nailoni jioni ileile.